Gemu la Sindano na Kampuni ya Watu 212

Jumatatu, 3 Machi
Dharau imevuka mpaka! Mwenye ukumbi wa magemu kabandika tangazo: Jumamosi wateja watapiga kura, kila mtu kura moja. Tuzo ya Gemu Kubwa. Na pembeni, kwa herufi za kutafutiwa miwani, Tuzo ya Gemu Dogo, lililotengenezwa na watu wasiozidi watatu. Yaani mimi, miaka mitatu nahangaika na gemu la kupenyeza uzi kwenye sindano, niketishwe na watoto! Nilimwuliza kama jasho hupimwa kwa wingi wa wafanyakazi. Akasema nimeziba mlango.

Mke wangu, fundi cherehani, kasema nisiposhinda, chumba cha nyuma kinarudi kwa vyerehani vyake. Kompyuta ikalale wapi, hakusema.

Jumanne, 4 Machi
Shemeji, mdogo wake mke wangu, naye kaingiza gemu. Mbuzi anaruka madimbwi. Basi! Kalitengeneza wiki mbili, kajiandikisha Gemu Dogo, na anachekelea. Nikamwambia ajiheshimu. Akajibu kwamba mbuzi wake haulizi dimbwi limechimbwa na wangapi. Mjinga.

Jumatano, 5 Machi
Dawa imepatikana! Magemu makubwa yana nini? Majina! Yanapita kwenye skrini mpaka chai inapoa. Nami nimetunga wafanyakazi 212. Mkuu wa Mawingu. Msaidizi wa Mkuu wa Mawingu. Mlinzi, zamu ya asubuhi. Gemu langu halina mawingu, lakini nani ataangalia juu? Majina nimeyaweka mwanzoni, maana mwisho hajafika mtu. Hata mimi sijawahi kuupenyeza uzi.

Alhamisi, 6 Machi
Mwenye ukumbi kayasoma yote, kanipa mkono, kanihamishia Gemu Kubwa. Kaniita mkurugenzi! Akauliza mbona mlinzi mmoja tu. Nikasema tunabana matumizi.

Mke wangu kashika kichwa. Ati kule kwenye madogo tulikuwa wawili tu, mimi na mdogo wake. Nikamwambia mtaka cha mvunguni sharti ainame, ila mimi nataka cha darini.

Jumamosi, 8 Machi
Balaa. Majina yalipita dakika kumi na tisa. Mwalimu mmoja mstaafu aliweka pedi ya kuchezea chini akidhani gemu limeisha. Kasema limemgusa, ila lina wahusika wengi mno.

Kwenye makubwa, gemu la vita, kura thelathini na moja. Langu, moja. Mwandiko naujua, ni wangu. Mbuzi, kura sitini! Foleni hadi barabarani! Roho imeniuma, sifichi. Nimelicheza mara nne, kwa uchunguzi tu.

Jumapili, 9 Machi
Naandikia kwenye ngazi. Chumbani vyerehani vitatu vinanguruma. Mke wangu kaniletea kiti, kisha karudi kushona. Bora angenisema.

Mwenye ukumbi kabandika tangazo jipya. Kwa kuwa mbuzi kawabwaga wakubwa, mwaka ujao tuzo ni moja, magemu yote orodha moja. Shemeji kaja mbio kunipongeza, ati si ndicho nilichokuwa napigania?

Napigania! Kampuni ya watu 212 ichanganywe na vigemu vya mtu mmoja? Haki iko wapi? Nimeandika barua kali ya kupinga. Wafanyakazi wangu wote wanatia sahihi. Tumefika wa tisini, na mkono unaniuma.