Mkono Wangu Darasani

Jumatatu, 2 Februari

Koma, Mwalimu Mukami! Mtoto wa juzi, unaniambia mbele ya Kavindu, mwanafunzi mwenzangu, kwamba sijatia somo akilini? Akili yangu ilikomaa kabla mama yako hajaota meno.

Ngumbaru yetu, darasa la watu wazima, inasomea kanisani, hapa Kabati. Jumamosi ya wiki ijayo wanakuja wageni waliotupatia simiti ya bwawa la mchanga, linalotuwekea maji karibu na nyumbani. Mmoja wetu atawashukuru kwa Kiingereza. Atakalia kiti cha mbele, ndani ya tenti, apigwe picha. Bado hajachaguliwa, lakini mtu huyo ni mimi. Mawe ya bwawa lile niliyabeba kwa mgongo huu. Kavindu alibeba nini? Wimbo! Alisimama kando akituimbisha.

Leo tumeambiwa kitenzi cha Kiingereza kikifuata kingine, mara kinavaa "to" mbele kama kofia, mara kinaburuta "-ing" nyuma kama mkia. "Want" inataka kofia. "Enjoy" inataka mkia. Nikauliza nani aliamua. Mwalimu akasema hakuna sababu, ni kuzoea tu. Hakuna sababu! Kwetu kuchota ni kuchota, uwe unapenda, uwe umechoka.

Jumatano, 4 Februari

Mambo yamezidi. "Stop" inakubali vyote viwili. Ukiipa kofia, umesimama ili uchote maji. Ukiipa mkia, umeacha kuchota kabisa. Kavindu akatikisa kichwa kama anayeelewa. Hakuelewa. Namjua tangu utoto.

Na ndengu zangu ziko uani zinangoja kupigwa.

Nikapata wazo. Kwenye mwethya, kikundi chetu cha kazi, ukishindwa kufika unatuma mtu wa nyumba yako na jembe, unahesabiwa umefika. Ni sheria ya tangu nyanya zetu. Basi Nzisa, mke wa mwanangu Kitonga, atakuwa mkono wangu darasani, anisomee. Akasema, "Mwaitu, mama yangu, Kiingereza si mtaro wa kuchimbiwa." Mimi mama mkwe nabishiwa! Nikamwambia aoge aende.

Ijumaa, 6 Februari

Mwalimu alikataa mwanzoni, eti masomo hayatumiwi mtu. Nikamuuliza kama mtaro uliwahi kujua umechimbwa na jembe la nani. Akaliandika jina la Nzisa daftarini.

Raha tupu. Napiga ndengu kidogo, nalala kidogo. Jioni Nzisa anaosha sufuria huku akinong'ona vitenzi. Nimemwambia asinipigie kelele na masomo yangu.

Jumatano, 11 Februari

Leo ndiyo siku ya kumchagua msemaji. Kavindu akatangulia. Alitaka kusema tumeacha kutembea hadi mtoni. Akasema tumesimama ili tutembee. Mwalimu akashika paji la uso. Tamu!

Zamu yangu. Kofia au mkia? Nikaweka vyote: "We want to thanking." Si ndiyo muthokoi? Mahindi na maharagwe sufuria moja, nani atalala njaa? Kavindu akacheka mpaka leso ikamdondoka. Akasema, "Kaluki, punda wako amebeba mitungi mbele na nyuma. Mlangoni atapitaje?"

Nikasema mkono wangu utajibu. Nzisa akasimama. "We have stopped walking to the river. We want to thank you." Laini kama samli. Makofi! Wakamchagua papo hapo.

Mkono wangu umeshinda. Kwa hiyo mimi nimeshinda. Kavindu aende akalilie kwake.

Jumamosi, 14 Februari

Nilivaa gauni la Pasaka, nikakalia kiti cha mbele mapema. Mzee wa kanisa Ndolo akainama akasema kiti ni cha msemaji. Nikamweleza sheria ya mwethya. Akasema, "Mama, picha haina mwethya." Nikahamishiwa nyuma. Karibu na nani? Kavindu! Tukakaa kama kuku wawili walionyeshewa.

Nzisa alisema vizuri, siwezi kukataa. Alipofika pale pa kuacha kutembea hadi mtoni, Kavindu alinishika mkono. Njia ile tuliikanyaga pamoja tangu wasichana. Nikamwacha aushike. Kidogo.

Kisha akauliza kama bado nina muthokoi. Nikaunyakua mkono wangu.

Jumatatu, 16 Februari

Nzisa amefanywa katibu wa kikundi. Leo ameenda mkutano Kitui mjini, na kipochi changu chekundu kwapani. Ndengu nani anapiga? Mimi. Nani anapepeta? Mimi. Nani amekoka moto? Mimi!

Asubuhi nilimkumbusha kwamba aliye na shughuli hutuma mtu wa nyumba yake afanye kazi yake. Akajibu kwa heshima zote, "Ndiyo, mwaitu. Ndiyo maana nimekutuma wewe."

Nimekaa na hilo neno siku nzima. Nimeona kosa liko wapi. Nilimtuma mtu asiyefaa.

Mwalimu Mukami ametangaza darasa la kompyuta. Kavindu ameshajiandikisha. Kitonga! Weka hicho kikombe chini. Oga, vaa shati la kola, uende ukakalie kiti changu kabla Kavindu hajafika. Na usirudi hapa bila kompyuta yangu kichwani!