Majani ya Plastiki Yaliyonivunjia Heshima

YAH: MAJANI YA BANDIA YALIYOPITA KIASI KATIKA KUFANANA

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na mezani kwako pakiwa na ua la kweli, ingawa baada ya yaliyonipata sina hakika kama utaweza kulitambua.

Mimi ni bwana shamba mstaafu. Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yangu ilikuwa kutazama jani na kusema linaumwa nini. Wakulima walinipangia foleni, kila mmoja na jani lake kalifunga kwenye gazeti (mara nyingi gazeti lako, kwa hiyo sisi tunafahamiana), nami nilitoa jibu kabla hawajamaliza kusalimia. Sijisifu. Naeleza tu ni kitu gani hasa ambacho gazeti lako limekivunja.

Katika toleo la kabla ya sikukuu, yule mwandishi wenu anayejiita Dada Mapambo aliandika ukurasa mzima kuhusu namna ya kuchagua majani ya bandia ya kupambia nyumba, yanayofanana na ya kweli. Alitoa kanuni tano. Kataa jani lenye kijani cha aina moja. Geuza upande wa chini, uwe umepauka kidogo. Pinda kikonyo, kibaki ulivyokipinda. Chagua lenye kasoro, kwa kuwa jani lisilo na doa halijawahi kuota popote. Ya tano sikuisoma, maana ukurasa huo niliushika baada ya kuaibika, na hasira ilikuwa imeshanipanda.

Mke wangu aliisoma yote. Yeye ni fundi cherehani, na fundi cherehani hadanganyiki na maneno matupu. Alikwenda dukani na ukurasa huo umekunjwa ndani ya pochi, akayapima majani kwa vidole kama anavyopima kitambaa cha mteja, akageuza moja moja, akapinda, akakataa. Nasikia mwenye duka mwishowe alimletea kiti. Alirudi na kamba mbili za majani, vyungu vinne, na furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni pake tangu nistaafu. Kisha akashona vifuko vya kitambaa cha michirizi vya kuvisha vyungu vyote, visitofautiane.

Utauliza kwa nini nyumba ya bwana shamba inunue majani. Ni swali la kichokozi, lakini nitalijibu. Mimea yangu yote ya nyumbani ilikufa zamani, nikiwa kazini nikitibu ya watu. Uliobaki ni mmoja tu, wa mke wangu, nyuma ya jiko, kwenye kopo la maziwa lililobonyea. Mama yake alimpa siku ya harusi yetu na huutunza mwenyewe. Sijawahi kuuangalia kwa karibu kwa sababu haujawahi kuugua. Hauhusiani na barua hii.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilitoka safari kwa kaka yangu siku mbili kabla ya sikukuu, nikakuta sebule imegeuka kitalu. Hakuna aliyeniambia kitu. Kwa siku mbili mfululizo niliamka alfajiri, nikachukua kopo, nikayamwagilia majani yaliyotandazwa juu ya kabati, kwa kipimo sahihi kabisa. Maji yalishuka taratibu hadi ndani ya redio. Mke wangu aliniona, akafuta redio kwa kanga yake. Nilidhani ananishukuru.

2. Siku ya sikukuu yenyewe wakwe zangu walijaa sebuleni. Alikuwepo mama mkwe, mashemeji watatu, na wifi wa mke wangu, ambaye hakosi la kusema. Nikaona madoa ya rangi ya chungwa kwenye jani moja la kwenye kamba. Ningenyamaza vipi? Nilisimama. Nilieleza kwamba hiyo ni kutu ya majani, inaletwa na unyevu uliozidi, inaenea kwa upepo, na kwamba nyumba isiyochukua hatua itapoteza kila kitu kabla ya mwezi kuisha. Nilizungumza kama robo saa. Wote walinisikiliza kwa adabu ambayo sasa naielewa. Kisha nikachukua mkasi wa mke wangu, nikakata jani niwaonyeshe ugonjwa ulivyoingia ndani, na ndani ukatoka waya.

Shemeji wangu mkubwa, dereva wa lori, alitoka nje ili acheke vizuri. Mdogo wake alinipa kalamu na karatasi. "Shemeji, basi tuandikie dawa." Sahani zilitetemeka mikononi mwa watu. Mama mkwe peke yake hakucheka. Alisema waniache, hata yeye aliyaona kama yanaumwa. Hilo liliniuma kuliko vicheko vyote, kwa sababu yeye ndiye aliyenipa binti yake akiamini ninajua kazi.

Tangu siku hiyo mimi ni Daktari wa Plastiki.

3. Jina hilo halikubaki sebuleni. Kinyozi wangu ameniuliza, huku wembe uko shingoni na siwezi kubisha, kama kuna chanjo ya maua ya plastiki. Jirani wa mkono wa kulia ameniletea waridi la kwenye chupa, akidai halina hamu ya kula. Na kamati ya maonyesho ya kilimo, ambayo nimeiongozea meza ya mbogamboga miaka kumi na miwili, imeniandikia barua ya heshima sana kunijulisha kwamba mwaka huu nitakuwa jaji wa kazi za mikono. Wameandika kwamba huko ujuzi wangu mpya utathaminiwa. Miaka yote ile kumbe walikuwa wananivika kilemba cha ukoka, na hata huo ukoka sasa nina wasiwasi nao.

4. Macho yangu hayaniamini tena, nami siyaamini. Kila jani ninalokutana nalo nalikwaruza kwa ukucha. Nimekwaruza ua la mapokezi ya zahanati, likawa la kweli, na muuguzi akaniuliza kama nimekuja kutibiwa au kuharibu. Nimekwaruza michongoma ya jirani wa mkono wa kushoto kuanzia getini hadi kwenye kona, na sasa ananiitikia salamu kwa mbali. Wiki iliyopita, msibani, nilijikuta nakwaruza shada lililowekwa juu ya jeneza. Mjane aliniona. Lilikuwa la plastiki, Ndugu Mhariri, na lebo ya duka ilikuwa bado imening'inia kwa chini. Yaani siku hizi hata marehemu tunamuaga kwa jani ambalo halitakubali kunyauka mbele yake. Waombolezaji walisema shada ni zuri, halichakai, linaweza kutumika tena. Kwa nani, hawakusema.

5. Hili la mwisho ndilo zito, na ndilo lililonishikisha kalamu. Baada ya sikukuu mke wangu alimsindikiza mama yake kwao, akabaki huko wiki tatu kumwangalia goti. Siku ya kuondoka, begi likiwa begani, alisimama mlangoni. "Mzee, usisahau kulimwagilia lile ua la dirishani." Nilimtazama usoni nikitafuta kicheko. Hakikuwepo, jambo lililonionyesha kwamba katika kejeli amewashinda ndugu zake wote. Wao walinicheka waziwazi. Yeye, tuliyekula naye chumvi miaka ishirini na minane, alinichoma kwa uso mkavu. Iliniuma sana. Sikumjibu hata kwaheri.

Gari lilipoondoka tu, nikaleta beseni na sabuni ya unga, nikayashusha majani yote na kuyasugua moja moja, ili yasiniangalie tena kama mimea. La dirishani nililiacha la mwisho. Nakuomba usome kwa makini, kwa kuwa hapa ndipo utaona utapeli huu umefika wapi. Chungu chake kilikuwa kizito kuliko vingine vyote, nikaelewa kwamba viwanda sasa vinatia mawe. Udongo ulikuwa na unyevu. Bila shaka unapuliziwa. Sisimizi mmoja alikuwa anapanda kikonyo, na hapo, nakiri, nilivua kofia, maana wameshaanza kuweka hadi wadudu. Nilipolisugua majani mawili yaling'oka kwa sababu ya gundi mbovu, na pale yalipong'oka pakatoka utomvu mweupe, unaonata. Niliuonja. Ni mchungu. Mimi nimeonja utomvu miaka thelathini na mmoja, na nakuhakikishia kwamba mtu yeyote asiye na utaalamu wangu angedhani lile ua ni zima.

Sikudanganyika safari hii. Nililitia kwenye katoni pamoja na wenzake, nikafunga kwa selotepu, nikaandika juu VIELELEZO, nikaiweka stoo. Imekaa huko wiki tatu kasoro siku chache.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo:

(a) Gazeti lako liniombe radhi ukurasa wa mbele, kwa herufi zisizopungua ukubwa wa zile mlizotumia kwa Dada Mapambo.

(b) Kila jani la bandia lipigwe muhuri usoni, si mgongoni, mahali ambapo mtu mzima aliyesimama wima anaweza kuusoma.

(c) Majani ya bandia yalazimishwe kunyauka walau mara moja kwa mwaka, kwa ajili ya haki. Haiwezekani mmea unaotegemea mvua ushindanishwe na mmea unaotegemea vumbi.

(d) Mimea ya kweli ipewe vitambulisho. Niko tayari kusimamia zoezi la uandikishaji bila malipo, nyumba kwa nyumba, kwa ukucha.

(e) Dada Mapambo aje kwangu kabla ya Jumamosi, mke wangu atakaporudi, amweleze mbele yangu kwamba mume aliyekosea mara moja hachekwi mpaka kaburini. Nikisema mimi mwenyewe atadhani nalalamika.

Nisalimie wote hapo ofisini, kuanzia anayekata karatasi hadi anayechora katuni, na umwambie huyu wa katuni kwamba kama anafikiria kunichora nimeshika kopo la kumwagilia, redio ilikuwa upande wa kushoto. Wasalimie na wa nyumbani kwako, na chochote chenye majani kilichopo hapo, baada ya kukihakiki.

Ni mimi, msomaji wako ambaye bado hajapakwa rangi,

Bwana Shamba Mstaafu

Nakala kwa: Kamati ya Maonyesho, Meza ya Kazi za Mikono.

Tanbihi: Ndugu Mhariri, barua ilikuwa imeshafungwa nikakumbuka kwamba lalamiko bila picha halina nguvu. Nimekwenda stoo kuipiga picha ile katoni. Kwenye tundu la kushikia, lile la kupitisha vidole, palikuwa na kitu kinachungulia. Nimekata selotepu. La dirishani limepoteza karibu majani yote, na udongo wake umekauka hadi umeachana na chombo. Lakini limepinda lote kuelekea kwenye tundu, na kwenye ncha limetoa jani moja jipya, jeupe kama karatasi.

Nimevua kile kifuko cha michirizi. Ndani yake ni kopo la maziwa lililobonyea.

Nimesoma kanuni ya tano. Dada Mapambo anashauri katikati ya majani ya bandia uchanganye mmea mmoja ulio hai, ule unaoupenda kuliko yote, ndipo nyumba itakapoonekana nzuri kweli. Mama mkwe alikaa sebuleni kwangu siku nzima akiwa na ua alilomzawadia binti yake mbele ya macho yake, na mimi nikasimama kumfundisha kuhusu waya. Na mke wangu hakuwa ananikejeli pale mlangoni. Ndugu zake wote walinicheka, yeye akanikabidhi kitu chake pekee.

Basi usiichapishe. Futa lalamiko la tano, na mengine yote nimeyasamehe, na kamati waambie nitakwenda kwenye meza yoyote watakayonipangia. Nina ombi moja tu. Tafadhali mwulize Dada Mapambo, bila kunitaja, mmea uliokaa gizani karibu wiki tatu bila maji uanzishiwe kiasi gani. Kazi hiyo niliwafundisha watu miaka thelathini na mmoja, lakini nimesimama hapa na kopo mkononi na naogopa kumimina. Jani lile jeupe sijalikwaruza.

Jibu likichelewa, Jumamosi nitakuwa kituoni kabla gari halijafika, nimwambie mwenyewe mke wangu.