Ndago Upande Wangu wa Kamba

Jumapili, tarehe 2 Machi

Vita vimeanza leo saa nne asubuhi. Nimevianzisha mimi.

Chanzo ni ndago. Nyuma ya nyumba tuna kiwanja cha hatua kumi na mbili kwa nane. Kwa jina ni bustani. Kwa macho ni ndago tupu! Majani membamba yanayong'aa, yanajifanya nyasi za kawaida. Ukilivuta jani, linakatika mkononi bila ubishi, na chini ya udongo kinabaki kinundu cheusi kigumu. Keshokutwa kinundu kinatoa jani jingine. Tumeishi hivi miaka kumi na moja.

Nimemwambia mke wangu nakitaka kiwanja chote. Nijenge kichanja, nipande pasheni zitambae juu, chini niweke kiti. Kiti kimoja tu. Yeye anataka bamia na mchicha. Nikamwambia katika nyumba hii mapazia amechagua yeye, rangi ya mlango yeye, hata upande wa kitanda ninaolala amechagua yeye. Nataka mahali pamoja ambapo nikisema kitu kikae hapa, kinakaa. Nilikuwa natania mwanzoni. Nilipofika kwenye kitanda utani ulikuwa umekwisha.

Akanitazama, akaingia ndani, akatoka na kamba ya kuanikia nguo. Akaifunga katikati ya kiwanja. Huku kwangu, kule kwake. Wiki mbili. Jumapili ya tarehe 16, mwenye upande msafi anachukua kiwanja chote, na mwenzake asigune.

Mwamuzi je? Mama yake! Bibi shamba mstaafu, miaka thelathini akiwafundisha watu kulima. Nilipinga. Nilisema huo ni upendeleo wa waziwazi. Mke wangu akauliza kama namjua bibi shamba mwingine anayeweza kuja siku ya Jumapili kwa malipo ya chakula cha mchana. Sikumjua.

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimeamka kabla yake. Jembe begani. Nimepiga upande wangu wote, kona hadi kona, kwa saa mbili na nusu. Nimezikata, nimezipindua, nimezifukia. Hakuna ndago iliyosimama. Mgongo umegoma kabisa, leo nimeshona nguo za wateja nimeegemea ukuta.

Mpinzani wangu alitoka saa moja. Kigoda, kisu kikuukuu cha jikoni na kopo tupu la maziwa ya unga. Anachimba ndago moja. Anaufuata mzizi taratibu mpaka kwenye kinundu. Anakitia koponi. Kisha ya pili. Dakika ishirini, akarudi ndani kuoga. Amesafisha mahali pa kutosha mkeka mmoja, tena wa mtoto.

Nilimwonea huruma. Nikamwambia kwa mwendo huo mama yake atakuja na kuondoka mara tatu hajamaliza. Hakujibu. Mtu aliyeshindwa huwa hana la kusema.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Balaa! Palipokuwa na ndago moja sasa zipo nne. Nimehesabu kwenye hatua moja ya mraba. Kabla ya jembe, kumi na tano. Leo, sitini na moja. Nimehesabu mara ya pili kwa kutumia futi kamba ya dukani, isiwe macho yananidanganya. Sitini na tatu.

Maelezo ni mamoja tu. Zimehama. Mke wangu anazisumbua kwake kila asubuhi kwa kile kisu, zinapita chini ya kamba na kuja kwangu kupumzika. Nimewasilisha malalamiko jikoni. Akasema ndago hazina miguu. Nikamwambia zina mizizi, tofauti si kubwa. Akaniita "fundi". Akiniita fundi najua mazungumzo yamekwisha.

Jioni nilichemsha sufuria mbili za maji na kuzimwagia. Majani yameiva vizuri. Kidole gumba cha mguu wa kulia pia. Mke wangu alikuja na maji ya baridi, akanishika mguu, uso mkavu. Kicheko chake nilikisikia alipofika jikoni.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Jirani yangu, fundi redio, amechungulia juu ya ukuta na kusema zinyimwe jua. Zifunikwe kwa kitu cheusi, zitakosa mwanga, zitakufa. Akasema hilo hata mtoto wa shule analijua.

Shule! Papo hapo nikakumbuka. Nina jora zima la kitambaa cheusi la suruali thelathini za wanafunzi. Mwalimu mkuu alilileta mwenyewe, suruali anazitaka mwisho wa mwezi. Kitambaa kizito, hakipitishi hata mwanga wa kibatari. Kimelala tu kwenye rafu. Sasa kimelala bustanini, na pembeni nimekibana kwa mawe. Ni kulala kulekule.

Mke wangu alikuja, akatazama kitambaa, akanitazama mimi, akauliza kama mwalimu mkuu anajua. Nikamwambia kitambaa hakiharibiki kwa kupigwa na hewa. Akaendelea na kisu chake. Mkeka wake sasa umefika mikeka mitano.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Siamini ninachoandika. Ndago zimetoboa kitambaa.

Kitambaa cha suruali za shule! Ambacho sindano yangu nene inakipita kwa kulia! Asubuhi nilikuta ncha za kijani zimechomoza zimejipanga, mia na zaidi, zinang'aa kwa umande. Nilipoinua kitambaa nyingine zilinasa, zikaning'inia.

Na lini mwalimu mkuu alichagua kuja kuangalia kazi imefika wapi? Leo. Saa nne. Nilimpokea mlangoni na kubaki mlangoni. Akauliza mbona haoni kitambaa. Nikasema nimekitandaza nje kitulie kabla ya kukatwa, kisije kikasinyaa baada ya kufuliwa. Akasema mafundi waangalifu kama mimi wamebaki wachache. Kijasho chembamba kilinitoka mpaka kwenye visigino.

Nimekipima baada ya yeye kuondoka. Nikikwepa matundu napata suruali kumi na tisa na kaptula kumi na moja. Nitamwambia madarasa ya chini yana joto.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Siku mbili zimebaki. Ninayoandika hapa yasitoke humu.

Alfajiri nilifukua vinundu upande wangu, konzi mbili. Nikanyata mpaka kwenye kamba. Nikavirusha kwake. Vikatawanyika vizuri. Niliona haya. Ni mke wangu, amenipoza kidole, na mimi namrushia ndago! Haya yenyewe ilidumu mpaka chai.

Jioni ameingia amechangamka, kopo limejaa hadi mdomoni. Ameniambia leo hakuchimba hata kidogo, vinundu amevikuta juu ya udongo vimekaa vinamsubiri, akaviokota tu. Anadhani ardhi imeanza kuvitema yenyewe. Akanionyesha kopo kwa karibu. Nikalisifu.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Mbinu ya mwisho. Nimechukua mkasi wa kukatia nguo, nikapiga magoti, nikazikata zote usawa wa ardhi. Moja moja. Kisha nikatandaza majani makavu juu, unene wa vidole viwili, nikayalainisha kwa mkono. Ukiangalia kutoka mlangoni unasema hapa kuna mkulima.

Mkasi hauwezi tena kukata hata uzi. Si kitu. Kesho kiwanja ni changu.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Mama mkwe amefika saa tano. Nilimpokea mkoba, nikamwamkia mara mbili. Akaupita upande wangu akisema, "Hongera baba, umefunika vizuri." Nikamwahi na kiti, nikamwekea palepale kwenye majani yangu, nikamletea chai na biskuti kwenye kisahani. Nilitaka akae, azungumze, achoke, aamue.

Akakaa. Akazungumza. Aliuliza habari za kazi, habari za kidole. Nikaanza kupumua. Na huku anazungumza, mkono wake mmoja ulishuka pembeni ya kiti, ukapenya kwenye majani, kidole kimoja kikaingia ardhini. Hata hakutazama. Akavuta. Vikatoka vinundu tisa vimefungana kwa mizizi kama shanga kwenye uzi. Akaviweka kwenye kisahani, kando ya biskuti.

"Hizi umezilaza tu, baba," alisema kwa upole. Ule upole uliniuma kuliko kama angenitukana.

Upande wa pili akachimba mahali patano. Akapata ndago mbili. Mbili! Niliruka. Nilisema kanuni ni kanuni, naye hajamaliza! Mama mkwe akakubali. Akasema hakuna anayemaliza ndago kwa wiki mbili, wala kwa msimu mmoja. Kila kinundu kina akiba yake. Ukikikata bila kukitoa, unakizidisha. Dawa ni kuzifuata kila siku, kidogo kidogo, bila kuchoka, mpaka zichoke zenyewe. Mmoja wetu ameshaanza safari hiyo. Mwingine amefanya kazi ya kuzieneza. Kisha akaomba kopo, akashangaa lilivyojaa, akauliza hivi vya juu vimepatikanaje vikiwa vikavu hivyo. Mimi nilikuwa natazama mawingu.

Kiwanja chote cha mke wangu.

Nimeumia. Nasema kweli, si kwa sababu ya ndago. Nilishajiona nimekaa chini ya zile pasheni. Nadhani ilionekana, maana mke wangu alisema kona ya ukutani nipande mche mmoja na kiti changu niweke. Sharti ni moja. Kila asubuhi dakika ishirini, kwa kisu, kwenye upande niliouharibu. Mama mkwe akasema yeye asingenipa hata kona.

Nilimshukuru mke wangu. Niliahidi. Machozi yalinilengalenga, nikasingizia chai ya moto.

Jumanne, tarehe 18 Machi

Dakika ishirini zimekuwa kumi na moja. Vinundu kumi na tisa. Kichwa kama changu kukaa juu ya kigoda kikifuata mzizi! Mke wangu amepanda bamia upande wake, mistari minne, na ameniomba nisikanyage.

Alhamisi, tarehe 20 Machi

Mama mkwe, aliyebaki kwetu tangu Jumapili, amerudi kwake leo. Mke wangu amemsindikiza, atarudi Jumamosi. Maagizo aliyoniachia ni matatu. Dakika ishirini. Upande wangu tu. Nisiguse kitu kingine chochote. Niliitikia yote matatu, na nilikuwa namaanisha.

Lakini nikitoka kuwapeleka kituoni, nimemkuta jamaa mmoja analima uwanja wa ghala kwa trekta dogo la kusukuma kwa mikono. Lina visu vinavyozunguka! Nimesimama pale karibu saa nzima. Nikamuuliza linafanya nini likikutana na mizizi. Akasema linasaga kila kitu, vipande vidogo vidogo, kina cha shubiri moja.

Nimerudi nyumbani natembea haraka. Kosa sasa nimelijua! Lilikuwa jembe. Jembe lilikata vipande vikubwa mno. Kipande kikubwa kina nguvu ya kuota. Kipande kidogo kitapata wapi nguvu? Mama mkwe alifundisha zamani, mashine hizi zilikuwa hazijaja.

Jamaa amekubali kuja kesho. Nitamshonea ovaroli. Kitambaa cheusi kimebaki kipande.

Ijumaa, tarehe 21 Machi

Imekwisha! Naandika mbiombio kwa furaha, mwandiko usamehewe.

Jamaa alifika saa tatu na mashine yake. Akasimama kwenye kamba, akauliza ni upande huu tu au kiwanja chote. Nilifikiri, kwa nini niwe mchoyo? Mke wangu alinipa kona, mimi nimpe kiwanja kizima. Nikaifungua kamba kwa mkono wangu. Tukapiga kwangu, tukapiga kwake, kisha nikamwambia apite tena kwa kukata mshazari ili udongo uchanganyike vizuri, wangu uliochoka upate rutuba ya wake. Ile mistari minne ya bamia nilikuja kuikumbuka baadaye. Ilikuwa hata haijaota, haikuwa jambo.

Nusu saa! Yeye alihangaika karibu wiki tatu na kisu. Sasa huwezi kujua kamba ilipita wapi. Kiwanja ni kimoja, cheusi, laini, ndago hata ya kuonyesha mgeni hakuna. Mche wangu wa pasheni umeshasimama konani.

Anarudi kesho mchana. Sijamwambia lolote kwa simu, nataka afungue mlango wa nyuma mwenyewe aone kila kitu kwa mara moja. Kiti nimekitoa konani nikakiweka hapo mlangoni kwa ajili yake, maana namjua, akiona nilichofanya miguu itamwisha nguvu.