Namna Niliharibisha Kagari ya Hubert

Jumatatu, tarehe 9, mwezi wa sita

Hubert wangu, mbote. Nakusalimia mimi muke yako. Mama yako anakusalimia, magulu inamuuma lakini anakula. Binti yetu Sandrine anakusalimia, anasoma vizuri. Mudogo yake Nicole anakusalimia, jino yake ya mbele imetoka. Kuku wanakusalimia, wale wenye walibakia. Hata kagari yako nyekundu inakusalimia, iko pale pale chini ya mabati.

Bon. Habari haiko muzuri. Mudogo yako Cyprien alivuka mto leo kutoka Lubunga. Anasema siku ya posho, Jumamosi, tutamaliza matanga yako, familia itakaa, na gari itaenda kwake. Damu ya kwao, donc gari ya kwao. Mi nilikulalisha, nilikunywesha dawa, lakini damu yangu haihesabiwe! Akapiga tairi teke. Akasema mimi Mama Sandrine niendelee na sufuria, moteur ya gari haiko kitu ya wanawake.

Hajui. Batoto wakienda shule, naingia mu gari. Siti ingali inashika umbo ya mugongo yako. Harufu yako ingali. Nakaa kidogo na wewe, kisha naenda soko.

Nimepata akili. Cyprien anapenda kujionyesha. Gari ikikuwa mubaya, ataona haya, ataiacha. Na kuharibisha najua: wewe ulinifundisha. Kila kitu ulikataza, nitafanya.

Jumanne, tarehe 10

Ulisema: bomba ya moshi haikatwe, gari itapoteza pumzi na kupiga kelele. Nikaita fundi Djuma wa Mangobo, nikamwambia akate. Akaniuliza kama niko muzima. Nikasema niko muzima. Akakata.

Tukawasha. Yesu! Kuku wakaruka ukuta. Mama yako akaingia chini ya kitanda, akalia ya kama vita imerudi. Mi na Sandrine tukamutosha kule chini, tukamupa chai.

Makelele ya haya kabisa! Nililala nikicheka.

Jumatano, tarehe 11

Vijana wa toleka, wale wanabeba batu ku baiskeli, wamejaa mu kiwanja na makinga yao. Wanapiga mikono. Wanasema sasa hii njo gari ya kweli, zamani ilikuwa gari ya katekista. Habari ikavuka mto mbio kushinda mtumbwi. Cyprien huyu hapa. Nikangoja matusi.

Alifunga macho kama mutu anasikiliza kwaya. Akaomba niwashe tena. Akasema: sport! Akaniita semeki, shemeji wa akili. Hubert, toka ulinioa hajawahi kuniita hivyo.

Alhamisi, tarehe 12

Sikate tamaa. Ulisema: gari haishushwe chini, barabara ya kwetu ni mashimo tupu. Nikamwambia Djuma akate zile ressort, springi za magurudumu. Djuma akasema mama, gari hii hata juu ya chura haitapita. Nikasema njo vile nataka. Sasa imekaa kama kuku yenye kulalia mayai. Nikapaka magurudumu rangi ya manjano, ile ilibakia ya mulango. Nikapaka vibaya, kwa makusudi.

Nicole alicheka mpaka akakaa chini. Mi nikaingia ndani ya gari nikupate kidogo. Nikavuta pua. Rangi. Rangi tu. Harufu yako sikuiona.

Ijumaa, tarehe 13

Cyprien alikuja na marafiki na telefone zao. Wanapiga foto magurudumu. Mumoja akauliza ni fundi gani wa Kinshasa alitengeneza. Djuma, yule mwongo, akajisifu ya kama ni mawazo yake.

Jumamosi, tarehe 14

Matanga imeisha. Nilivua kitambaa cheusi. Lituma ya ndizi ilitosha, pondu ya majani ya muhogo ilitosha, samaki haikutosha.

Familia ikakaa. Tonton Emile, mukubwa wa familia yenu, akasimama kuangalia gari. Akazunguka. Akakohoa. Akasema yeye alikuja na neno moja mu roho: kagari ya kuzeeka namna ile, tumuachie mujane. Lakini leo anaona ni gari ya sport, gari ya mashindano, na kitu kikubwa hakiachwe ku mukono ya mwanamuke.

Hubert. Alikuja kuniachia!

Cyprien akachukua ufunguo. Nilienda jikoni, nikasugua sufuria yenye ilikuwa safi.

Jumapili, tarehe 15

Cyprien alipeleka gari ku bac, ile feri ya kuvusha magari. Mi na Sandrine tukafuata nyuma ya toleka. Sijui nilifuata nini.

Ku kile chuma cha kupandia bac, tumbo ya gari ikashika. Cyprien akakanyaga gaz. Ikakwaruza, ikapasuka chini, mafuta meusi ikatelemka mpaka mu mto. Taa nyekundu ikawaka. Ulisema: taa ya mafuta ikiwaka, zima saa ileile, hata kama uko kati ya barabara! Nikapiga kelele zima, zima, semeki! Akanijibu mbele ya batu wote ya kama wanawake hawajue moteur. Akakanyaga tena. Moteur ikagonga kama mutu anaomba kufunguliwa. Kisha ikanyamaza.

Akatoka. Akafuta viatu. Akaniambia nichukue chuma yangu, na bac ikamupeleka.

Vijana wa toleka wakasukuma gari mpaka nyumbani. Walianza na kucheka. Ku njia mumoja akaanzisha wimbo wa kuzika, wengine wakaitika, na hakuna mutu alicheka tena. Djuma akafungua kapo ya mbele, akaangalia moteur, akafunga polepole. Akasema: pole, mama. Moteur imekufa.

Nilikulilia mara ya pili, Hubert. Ya leo iliuma kushinda ile ya kwanza, juu leo nilijua ni mukono ya nani iliua.

Jumatatu, tarehe 16

Gari iko nyumbani. Haiseme kitu. Batu wanasema nilishinda.

Mama yako amenivuta pembeni. Cyprien ana haya ya bac, anataka kitu ingine ya kaka yake: mashini yangu ya kushona, apatie bibi yake. Ile mashini njo inalisha batoto. Bila ile tutakula nini?

Usiogope. Nilifikiri vizuri. Mashini yenye kuvunjika, nani atavuka nayo mto? Sindano nimeshavunja. Gurudumu, Djuma atakuja kukata asubuhi. Sandrine ananiangalia na macho ya ajabu, lakini mutoto anajua nini?

Kama unaona nakosea, nitumie neno mbio, hata mu ndoto, kabla Djuma hajafika.