Siku Niliyowagawia Wenzangu Matabaka

Katika ofisi yetu ya bima hajawahi kutokea mtaalamu wa kompyuta anayenifikia mimi. Nasema hivi bila majivuno, kwa sababu mtaalamu niko peke yangu.

Waliniita Injinia, na mimi niliitika kabla hawajamaliza kuita.

Kompyuta zetu ni za ajabu kidogo. Kilicho mezani ni kioo na kibodi tu. Kompyuta zenyewe zinaishi ndani ya mtambo mmoja mkubwa, kwenye chumba cha baridi. Kaa meza yoyote, andika jina lako, kompyuta yako inakujia hapo hapo.

Zamani kumwekea mtu programu ilikuwa shughuli pevu. Lakini likaja toleo jipya, jamani! Programu zinapangwa kwa matabaka, moja juu ya jingine, kama mtu anavyovaa fulana, shati na koti. Fulana ni moja kwa wote. Mhasibu unamvisha koti la uhasibu, wa madai unamvisha la madai. Ukikosea, unamvua. Basi!

Mtu mwenye akili timamu angefunga mdomo, akachapa kazi. Mimi nikaandika tangazo. Tena nikasema nisiwachanganye watu kwa Kiingereza, niwape Kiswahili kilichonyooka kama rula. Nikawatumia wote:

"Ndugu wafanyakazi, kuanzia Jumatatu kila mmoja atapangiwa tabaka lake. Wa tabaka la chini hawataona vya tabaka la juu. Atakayekutwa katika tabaka asilostahili ataondolewa kimyakimya. Uamuzi wote ni wangu."

Nililisoma tena, nikajipongeza. Ufasaha ulioje!

Jumatatu asubuhi nikakuta meza zote tupu. Watu wamejaa ukumbini, nyuso zimekunjwa kama nguo ambazo hazijaona pasi. Mbele yao amesimama Mama Risiti, mkuu wa uhasibu, mwanamke ambaye akikohoa hata lifti inasimama.

"Mwanangu," alisema kwa upole wa kutisha, "hebu nieleze. Mimi ni tabaka gani?"

"Wewe mama una matabaka mawili!" nikajibu kwa furaha. "La chini, halafu la uhasibu juu yake."

"Yaani mimi wa chini?"

"Kila mtu ana la chini, mama! Hata mkurugenzi!"

Nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Alikuwa mkurugenzi.

"Na mimi je?" akauliza dereva wa ofisi.

Hapo ndipo ningepaswa kuzirai kwa makusudi. Badala yake nikasema ukweli. "Wewe una la chini tu."

"Mmemsikia! Kalitamka kwa kinywa chake!" Dereva akatupa funguo za gari mezani. "Mimi ninayewabeba wote! Haya, leo tabaka la juu litembee kwa miguu!"

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Huko mapokezi, shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa tayari kwenye simu. "Dada, mumeo ametuita watu wa chini. Eeh, na mimi pia." Akasikiliza, kisha akanigeukia. "Shemeji, dada anasema leo utakula na tabaka lako."

Mkurugenzi akanivuta pembeni. "Injinia, nina mteja mkubwa saa sita, na dereva ndiye huyo. Umelikoroga, ulinywe."

Nikapanda jukwaani kama mgombea. Nikawasha kioo kikubwa cha ukutani, mambo yangu yote yakaonekana.

"Ndugu zangu, haya ni matabaka ya programu, si ya watu! Tazameni, najivua mwenyewe!" Nikalishika jina langu, nikalitoa kwa wasimamizi, nikalishusha mpaka chini kabisa, kwa dereva. "Mmeona? Sasa mimi na huyu ni ngoma droo. Nimepungukiwa na nini?"

Walipiga makofi! Dereva akanikumbatia, akaokota funguo, akaondoka na mkurugenzi. Mama Risiti akasema kumbe nina utu. Nilijiona mkombozi wa taifa.

Nikarudi kwenye kioo nijipandishe. Kitufe hakipo.

Nikatafuta. Nilichobakiwa nacho ni kikokotoo, saa na picha ya ua. Nikakimbilia meza ya Mama Risiti, nikaandika jina langu. Kikokotoo, saa, ua. Mapokezi? Kikokotoo, saa, ua! Ndiyo sifa ya toleo jipya niliyoitangaza mwezi mzima: vyako vinakufuata popote.

Nikawapigia waliotuuzia programu.

"Jambo dogo, kaka," akasema kijana wao. "Mwombe msimamizi wa mitambo akurudishe."

"Msimamizi ni mimi."

"Hapa naona wewe ni mtumiaji wa kawaida."

"Kwa sasa!"

"Basi muone msimamizi wenu. Kwani ni mtu mgumu?"

"Si mgumu," nikasema, "ni mpumbavu."

"Pole sana. Tutampigia sisi wenyewe athibitishe. Ila asipopokea, ombi lako tunalifunga."

Nikawa sina kazi duniani. Shemeji akaniona nimeduwaa.

"Shemeji, nishikie mapokezi nikale. Wateja usiwahojihoji. Uliza wanamtaka nani, bonyeza, unganisha."

Nikakaa. Na nikwambie, kwa kupokea simu nina kipaji! Sauti ikanitoka laini kama siagi. Huyu nikamuunganisha na madai, yule na uhasibu. Nikaanza kuona kwamba hata mapokezi hayajawahi kupata mtu kama mimi.

Simu ikalia tena.

"Tunamwomba msimamizi wa mitambo."

"Bila shaka, mpendwa! Subiri nikuunganishe."

Nikabonyeza. Mwisho wa korido, simu ikaanza kulia. Ikalia. Ikalia. Nikatikisa kichwa: huyu mtu naye, mbona hapokei?

Mama yangu!

Niliruka meza, nikapangua viti, kiatu kimoja kikabaki njiani. Nikaunyakua mkono wa simu yangu. "Haloo! Haloo!"

Tuu, tuu, tuu.

Niliporudi nachechemea, shemeji alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake.

"Kuna aliyepiga?"

"Wale wa programu. Walikuwa wananitafuta mimi."

"Ukawaambiaje?"

"Sikuwepo."