Gitaa la Bati na Kiti cha Jumamosi

Jumatatu, 5 Septemba 1932

Balaa! Bi Ozella, ambaye kila Jumamosi hukaanga samaki nyumbani kwake nami huwapigia gitaa wanaocheza dansi, kaniita mbele ya waokota pamba wote. Ati watu wa mlangoni hawanisikii. Ati wananiona tu nikichezesha vidole kama mtu anayejikuna upele. Jumamosi hii wasiponisikia, kiti changu anapewa Cleotha Tarver na piano yake. Tarver! Miaka kumi na miwili nimekikalia kile kiti. Bila hicho, mimi Hosea Bledsoe ni nani? Muokota pamba. Mke wangu Lurline anasema hata nikiwa nacho ni muokota pamba vilevile.

Jumanne, 6 Septemba

Nimepona! Stesheni kuna mwanamuziki aliyeachwa na kundi lake la maonyesho. Ana gitaa la bati tupu, linang'aa kama jeneza la tajiri. Tumboni mna sahani ya alumini, nyembamba kama ganda la kitunguu, imeinuka katikati kama kichuguu. Nyuzi zimelalia kijiti kilichokaa kileleni, na ukigusa uzi, sahani nzima inapiga kelele. Aligusa mmoja. Nyumbu wa kukokota gari la posta akatimka na barua zote. Nikabadilishana naye palepale, kwa nguruwe. Nguruwe ni wa Lurline, tukitaka kuchambua maneno. Nitamweleza taratibu.

Jumatano, 7 Septemba

Hakukuwa na taratibu. Lurline alipeleka makombo bandani, akanikuta mimi humo, nafanya mazoezi. Aliuliza nguruwe mwenye banda kaenda wapi. Nikasema amegeuka muziki. Akauliza muziki huo tutautia chumvi lini, maana baridi inakuja na nyama ya akiba hatuna. Nikamwambia sanaa haipimwi kwa tumbo. Nimekula mkate wa mahindi wa jana, tena wima.

Alhamisi, 8 Septemba

Gitaa linavuma kama lina nyigu! Nikafungua kifuniko kumtafuta. Nikabonyeza ile sahani, kidogo tu, kwa dole gumba. Ikabonyea. Mungu wangu! Jasho mpaka viatuni. Nikaisukuma kutoka nyuma kwa kijiko huku nasali. Imerudi, karibu. Na nyigu kanyamaza. Sijui nilichofanya, kwa hiyo nitasema nilikusudia.

Ijumaa, 9 Septemba

Shemasi Purvis kaja kwa miguu kutoka ng'ambo ya shamba zima. Anasema muziki unamfikia jikoni, safi kabisa, kila uzi. Nikavimba. Kisha akauliza: Ndugu yangu Hosea, pale katikati unapojikwaa, ndivyo wimbo ulivyo? Nikasema ni upepo. Akaitazama miti. Hakuna jani lililotikisika.

Pale katikati sijawahi kupaweza. Hupapita mbio, na gitaa la mbao lilikuwa likinisitiri. Hili la bati halijui siri. Lakini Bi Ozella alitaka sauti. Hakusema habari ya usahihi.

Jumapili, 11 Septemba

Jana usiku watu wa mlangoni walisikia. Na waliokuwa chooni walisikia. Kila nilipojikwaa, chumba kizima kilijikwaa nami. Mara ya tatu bwana mmoja mnene alikalia samaki. Bi Ozella akanishika bega. "Hosea, kaka yangu," akasema, "miaka yote hii nilidhani wageni wangu ndio hawajui kucheza." Kisha akamwita Tarver.

Tarver hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma. Aliuliza kwa upole kama nahitaji mtu wa kunibebea gitaa. Nikalibeba mwenyewe, zito kama mtoto aliyelala. Lurline aliniwekea maharage matupu, bila nyama.

Jumatatu, 12 Septemba

Nimeamka mtu mpya. Nimeelewa! Makosa yangu yalisikika, sawa. Mbona niliyopatia hakuna aliyeyasikia? Kwa sababu sauti haikutosha! Yule wa stesheni bado kakwama, na anasema analo jingine lenye sahani tatu. Tatu! Hata mtoto anaweza kupiga hesabu hiyo. Safari hii hataki mnyama, anataka jiko letu la chuma. Lurline yuko shambani mpaka jua lizame. Jiko bado la moto, lakini nina magunia ya pamba ya kulishikia.