Mkurugenzi Afungwa Tope

Jumatatu saa tatu asubuhi, kwa waraka wenye mihuri mitatu, Idara ya Ustawi wa Watumishi ilitangaza kwamba uchovu umetambuliwa rasmi. Kabla ya hapo mtumishi hakuruhusiwa kuchoka. Alichoruhusiwa ni kuumwa, tena kwa cheti. Sasa, waraka ulisema, mtumishi mmoja aliyechoka kupita kiasi atapelekwa spa siku ya Alhamisi, apakwe tope la moto, akandwe, na arudishwe kazini akiwa "rasilimali iliyohuishwa."

Wakuu wa vitengo walimeza mate. Kilichowakwamisha ni fomu. Kipengele cha kwanza kilimtaka mwombaji aandike kwa mkono wake mwenyewe: "Nimechoka." Nani angethubutu? Mkubwa akikiri kachoka, wapo kumi nyuma yake walio tayari kumtua mzigo. Fomu zikarudi tupu kama zilivyotoka.

Iliyojazwa ilikuwa moja tu, ya karani wa masjala, ambaye jengo zima lilimwita Mama Faili. Miaka ishirini na miwili alikuwa akipanda ngazi kushusha majalada na kupanda tena kuyarudisha, na siku hizi akiinama mgongo ulilia kama bawaba kavu. Yeye aliandika: "Nimechoka sana, na nilikuwa sijaulizwa."

Nyumbani, mdogo wake alitaka kujua mambo ya msingi.

"Dada, huko watu wanavaa nini?"

"Taulo."

"Na juu ya taulo?"

"Nasikia hakuna."

"Makubwa! Basi nenda na la kwako."

Akalitoa kabatini taulo la wageni, ambalo tangu linunuliwe halikuwahi kumwona mgeni. Mama Faili akasugua visigino mpaka vikang'aa, akakata kucha, akajipaka mafuta. Hakutaka mkandaji amdharau. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuhesabu siku kwa hamu na si kwa uvumilivu.

Jumatano aliitwa kwa Mkurugenzi.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Mama, tumekaa kikao kuhusu mgongo wako."

"Nashukuru."

"Imebainika kwamba mtumishi wa daraja lako hawezi kupumzika bila usimamizi. Unaweza ukapumzika vibaya, lawama zikaja kwetu. Kwa hiyo nitauongoza ujumbe mimi mwenyewe."

Ujumbe ulikuwa wa watu watatu: Mkurugenzi, Mama Faili, na Afisa Itifaki, mtu wa makamo mwenye suti ya kubana, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna anayepumzika kupita cheo chake.

Alhamisi wakafika. Spa ilinukia mchaichai, na sakafu iling'aa hata Mama Faili akaona haya kuikanyaga. Mkandaji aliwapokea. Alikuwa mama mmoja mpole, mwenye mikono ya mtu aliyekanda unga maisha yake yote.

"Karibuni. Nina huduma ya mtu mmoja. Nani kati yenu aliyechoka kupita kiasi?"

Mama Faili alifungua mdomo. Mkurugenzi alikwishaliona bwawa la maji ya moto, amekwishavuta ile harufu, na ndani yake kitu kilikuwa kimelegea.

"Mimi," alisema. "Nimechoka mno." Akayaandika hayo kwenye daftari la mapokezi, akatia sahihi.

Mama Faili akalikumbatia taulo lake. Akakaa kwenye benchi la ukutani kama mtu aliyefika harusini akaambiwa bibi harusi ni mwingine.

"Sasa, mzee," mkandaji alisema, "unapakwa tope mwili mzima, halafu nakufunga shuka, mikono ndani. Nusu saa. Ukitaka kutoka kabla ya muda wako, unaandika na kutia sahihi. Ndio utaratibu wetu, tulishapata kesi."

Afisa Itifaki akakohoa. "Nusu saa ni ya nani?"

"Ya watu wote."

"Huyu si watu wote. Huyu ni Mkurugenzi. Angalau saa mbili."

"Tatu," alisema Mkurugenzi, ambaye hakupenda kupunjwa.

Akapakwa, akafungwa, akabaki kichwa tu, kama mtoto mchanga mwenye kipara. Hazikupita dakika arobaini, simu yake ikalia mezani. Ni Waziri. Afisa Itifaki aliitazama, akarudisha mikono mfukoni. Kwa daraja lake hakuruhusiwa kupokea simu ya Waziri bila kukaimishwa kwa maandishi.

"Pokea, Mama Faili!" Mkurugenzi alifoka kutoka kwenye shuka.

Akapokea. "Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba. Yuko wapi bosi wako? Tuko kikaoni, tunamteua Katibu Mkuu. Jina lake ndilo la kwanza. Afike ndani ya nusu saa."

Simu ilikuwa na sauti kubwa, Mkurugenzi akasikia kila neno. Shuka likatikisika. "Nifungueni!"

"Andika, mzee," alisema mkandaji.

"Nitaandikaje, na mikono iko ndani?"

"Hapo sasa. Mwenzio aandike."

"Sina mamlaka ya sahihi yake," alisema Afisa Itifaki, na safari hii alisema kweli tupu.

"Haloo?" Waziri aliita. "Kuna nini huko?"

Mama Faili hakuwahi kumdanganya mkubwa yeyote, wala hakuona sababu ya kuanza leo. "Mheshimiwa, amefungwa shuka na tope. Amebakiwa na zaidi ya saa mbili."

"Tope? Kwa nini?"

"Amechoka mno. Ameandika mwenyewe, na sahihi ipo."

Upande wa pili karatasi ikasikika ikipinduliwa.

"Masikini. Kumbe alikuwa akijikaza," Waziri alisema. "Basi tusimwongezee mzigo. Jina la pili ni nani hapo?" Simu ikakatika.

Mkandaji akatazama saa ya ukutani. "Huduma ina sehemu mbili. Saa ya kukandwa imefika, na huyu hakandiki. Nafasi haiwezi kulala bure. Mama, umekuja na taulo?"

Mama Faili akalala kifudifudi kwenye chumba cha pili. Mafuta yalikuwa ya uvuguvugu. Dole gumba la mkandaji likatafuta chini ya bega, likagonga mahali, na mfupa ukasema ko.

"Hapo?"

"Hapo hapo, mama yangu. Usihame."

Machozi yalimtoka yenyewe, akayaacha. Nyuma ya ukuta Mkurugenzi alikuwa akimwamuru Afisa Itifaki aandike waraka wa dharura: kuanzia leo, ni marufuku mtumishi yeyote kuchoka.

"Nimemaliza, bosi," alisikika Afisa Itifaki. "Atasaini nani?"

Mama Faili hakulisikia jibu. Alikuwa ameshaanza kukoroma.